Mwanafunzi Asogeze Mwenyewe: Uhuishaji Katika Somo la Ubunifu

Ndugu walimu wenzangu wa sanaa, ufundi na ushonaji. Wakufunzi mliotoka vyuoni. Na ninyi vijana mnaojiandaa kuingia darasani: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie programu za uhuishaji na namna zinavyoweza kutusaidia kuandaa masomo ya ubunifu. Nina jambo moja la kusema, nami nalisema mapema ili muda uliobaki tuutumie kulitazama kwa vitendo. Uhuishaji wowote tunaoupeleka darasani uwe na kitu ambacho mwanafunzi anakisogeza kwa mkono wake mwenyewe, na kabla hajakisogeza awe ameshasema anatarajia kuona nini. Kama hakuna cha kusogeza, bandika picha ukutani. Itafundisha vilevile, na umeme ukikatika itaendelea kufundisha.

Nasema hivi kwa sababu ya somo lenyewe lilivyo. Ubunifu ni kazi ya kuchagua: rangi hii au ile, herufi kubwa kiasi gani, pindo pana au jembamba, kipi kije mbele na kipi kirudi nyuma. Slaidi ya kawaida humwonyesha mwanafunzi kazi ambayo mtu mwingine ameshamaliza kuchagua. Anaitazama, anainakili kwenye daftari, na siku ya mtihani anaandika kwamba rangi sharti zipatane. Mkabidhi kitambaa cheupe na rangi tatu uone anavyosimama. Hakuwahi kuchagua. Alionyeshwa vilivyochaguliwa.

Tuanze na rangi, maana ndipo slaidi inapotuangusha zaidi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, alikabidhiwa kazi ya kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kilichokuwa kikifuma mazulia ya kutundika ukutani. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei, hasa zinapotumika kama kivuli kwenye sehemu za bluu na zambarau. Mtu angedhani dawa ya rangi ni mbovu. Chevreul alichukua sufu nyeusi ya Gobelins akailinganisha na sufu nyeusi za viwanda vingine, akaona haina kasoro yoyote. Kilichoifanya ionekane imefifia ni rangi zilizofumwa jirani yake. Akaendelea kulichunguza jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1839 akachapisha kanuni yake: rangi mbili zikikaa pamoja, jicho huzidisha tofauti iliyopo kati yao. Iliyo nzito huonekana nzito zaidi, nyepesi huonekana nyepesi zaidi, na kila moja huvutwa kuelekea kinyume cha jirani yake.

Unaweza kuiandika kanuni hiyo ubaoni kwa mistari miwili. Wanafunzi wataikariri, lakini hawataiamini, kwa sababu kila mmoja wetu anajua moyoni kwamba rangi ni ileile popote utakapoiweka. Hapo ndipo kitu kinachosogea kinapohitajika kweli.

Mimi natumia Scratch. Ni programu ya bure iliyotengenezwa na kundi la Mitchel Resnick huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2007. Wengi wenu mnaijua kama programu ya kuwafundishia watoto kuandika programu za kompyuta, na kweli ndiyo kazi yake ya kwanza. Kwa mwalimu wa ubunifu ina kila kinachohitajika: unachora humohumo, unakipa kila mchoro amri zake, na unachokitengeneza kinaburutwa, kinabofywa, kinabadilishwa. Ina toleo linalokaa kwenye mashine na kufanya kazi bila intaneti. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Ipo pia ya vishikwambi vya Android, na hapa wenzangu wa Tanzania mtakumbuka vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022, vikagawiwa walimu baadaye. Kama chako bado kinafanya kazi, una pa kuanzia.

Sasa naomba tufuatane hatua kwa hatua. Jukwaa la Scratch, yaani eneo ambalo michoro huonekana, lina upana wa pikseli 480 na kimo cha pikseli 360. Chora mandhari iliyogawanyika katikati, kushoto nyeusi na kulia nyeupe. Kisha chora mraba mmoja wa kijivu. Kwenye sehemu ya kuchorea utaona vitelezi vitatu vya rangi: cha kwanza ni rangi yenyewe, cha pili ukolevu, cha tatu mwangaza. Ukolevu ushushe hadi 0, mwangaza uuache kwenye 50. Huo ni mraba wa kijivu cha katikati. Uweke upande wa kushoto, juu ya weusi. Usiupe amri ya kujiendea.

Sasa liulize darasa: mtu akiuburuta mraba huu hadi upande mweupe, utabaki ulivyo, utakolea au utafifia? Wanyooshe mikono, uhesabu, uandike idadi ubaoni. Darasa lenye wanafunzi sitini na mashine moja linaweza kufanya hivi bila shida, kwa sababu kila mmoja ameshajifunga kwa kauli yake na anataka kuona kama amepatia. Kisha mwite mmoja aje aburute. Mraba unapovuka mstari wa kati, darasa zima linauona ukiwa mzito. Wapo watakaosema mwalimu ameficha amri ndani yake. Mwache mwenye shaka aje auburute mwenyewe, aupeleke na kuurudisha, afungue hata amri aone kwamba hakuna kitu.

Halafu nakili mraba uwe na miwili, mmoja kila upande. Wote watakuambia wa kushoto una mwanga zaidi. Chora ukanda mrefu wa kijivu kilekile, mwite mwanafunzi mwingine auburute hadi uguse miraba yote miwili na kuiunganisha. Pale ukanda unapofika, tofauti inayeyuka mbele ya macho yao. Ukiondolewa, inarudi. Hapo nyamaza kidogo, mwalimu. Usiwahi kueleza. Waache wabishane wao kwa wao, kwa maana maneno watakayotafuta kueleza walichokiona ndiyo watakayokumbuka, kuliko yako. Kuendelea ni rahisi: ongeza mandhari nyingine za nyekundu na kijani, njano na bluu, kila moja kwenye kibonye chake cha namba, na mraba uleule uzungushwe kote.

Kuna jambo la kiufundi linalowakwamisha wengi hapa, nalo ni dogo. Unapotengeneza, mraba unaburutika bila tatizo. Ukikuza jukwaa lijaze skrini nzima kwa ajili ya projekta, haukubali tena kusogea. Scratch hufunga uburutaji kwenye skrini nzima mpaka uuruhusu. Kwenye kundi la amri za kuhisi kuna amri ya kuruhusu mhusika, yaani mchoro wowote uliouweka jukwaani, aburutwe. Iweke chini ya ile ya bendera ya kijani, inayoanzisha kazi, kwa kila kitu unachotaka kisogezwe. Fanya hivyo nyumbani, usiku wa kuamkia somo.

Mwalimu asiye na mashine asijione ametengwa. Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya ubunifu ya Bauhaus kule Ujerumani mpaka ilipofungwa mwaka 1933, kisha akahamia Marekani na kufundisha Chuo cha Black Mountain na baadaye Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa akitumia karatasi za rangi kufundishia jambo hilihili. Alipenda karatasi kwa kuwa mwanafunzi anaweza kujaribu, kuondoa na kujaribu tena papo hapo bila kuhangaika kuchanganya rangi. Karatasi inasogea. Inachokosa ni namba inayoweza kupandishwa na kushushwa taratibu mbele ya darasa zima, na hilo nitalifikia nitakapozungumzia kanga.

Kabla ya hapo niseme kidogo kuhusu utafiti, kwa sababu wapo wakuu wa shule watakaotaka kujua kama vitu hivi vinasaidia au vinapendeza tu. Mwaka 2002 Barbara Tversky na wenzake wawili walipitia tafiti zilizolinganisha picha zinazosogea na picha tuli. Walikuta kwamba mara nyingi pale uhuishaji ulipoonekana kushinda, ulikuwa umebeba maelezo ambayo picha tuli haikupewa, au ulimpa mwanafunzi nafasi ya kufanya jambo. Vikiwekwa sawa, ushindi ulitoweka. Walieleza pia kwamba mambo yanayopita upesi yanamwacha mtazamaji nyuma. Naye Richard Mayer, wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, ameonyesha katika majaribio mengi kwamba mapambo yasiyohusiana na somo humpunguzia mwanafunzi uelewa, na kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi somo likikatwa vipande na yeye mwenyewe akiamua lini aende kipande kinachofuata.

Kwa hiyo herufi zinazoingia zikizunguka, slaidi zinazofunguka kama pazia, muziki wa chini kwa chini: viondoeni. Navisema kwa ukali kwa sababu vinakula saa za walimu wanaojituma, na mwanafunzi hapati chochote humo. Ukiwa na shaka kuhusu msogeo fulani, uzime, ufundishe bila huo. Somo likikaa sawa, uache umezimwa. Wala Scratch si lazima kwa kila kitu. Kumwonyesha mwanafunzi kazi mbili achague moja, PowerPoint inaweza: vitufe viwili, kila kimoja kinakupeleka kwenye slaidi yake. Lakini pale unapotaka abadilishe kitu kidogo kidogo aone mahali kinapoharibika, unahitaji kitelezi.

Tuje kwenye kanga, au leso kwa wenzetu wa Mombasa na Lamu. Mwanafunzi wetu anaijua kanga kabla hajajua kusoma. Pindo analijua, mji anaujua, jina analisoma mgongoni kwa mama yake. Hajui tu kwamba kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa uamuzi wa mtu aliyekaa mezani na kalamu. Na kwa bahati njema, kanga nyingi zina urefu wa karibu sentimita 150 kwa upana wa karibu sentimita 110, uwiano unaokaribiana sana na jukwaa la 480 kwa 360. Kanga inajaa jukwaani vizuri, na pikseli moja inakuwa takriban milimita 3 za kitambaa halisi. Hesabu hiyo iwekeni akilini.

Kwenye uchapaji wa skrini, kila rangi ina skrini yake, yaani wavu wa kupitishia rangi hiyo. Kanga ya nyekundu, njano na nyeusi ina skrini tatu, na rangi zinakanyagana kwa zamu. Basi jengeni vivyo hivyo: nyekundu yote ya kanga iwe mhusika mmoja, njano mwingine, nyeusi mwingine, na mandhari nyeupe iwe kitambaa. Kila mmoja apewe kibonye cha kumwonyesha na kumficha. Mwanafunzi anabonyeza, rangi moja inakuja peke yake, haina maana yoyote. Anaongeza ya pili, umbo linaanza kuonekana. Nyeusi inapoingia, maua yanasimama. Wale mnaofundisha kuchapa fulana mnajua ni muda gani hutumika kumweleza kijana kwa nini anahitaji fremu tatu kwa picha moja. Hapa anaona kwa kubonyeza.

Kisha kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Tengeneza namba inayobadilika, uiite mchepuko. Iache ionekane jukwaani, bofya kulia juu yake uigeuze kuwa kitelezi, na ubadilishe kipimo chake, maana Scratch huanza na 0 hadi 100; weka kuanzia kutoa 10 hadi 10. Mpe mhusika mwekundu amri moja ya kudumu: nafasi yako ya mlalo, yaani x, iwe sawa na mchepuko. Imekwisha. Mwanafunzi akisukuma kitelezi, skrini nyekundu inahama, na yale maua yaliyokuwa yamekaa sawasawa yanaanza kuachia weupe upande mmoja na kumwagikia njano upande wa pili.

Waulize: mchepuko wa pikseli 2 ni kiasi gani kwenye kitambaa? Watakuambia zaidi ya nusu sentimita. Mteja ataiona? Wengine watasema ndiyo, wengine hapana, na utaona wanainuka kwenda nyuma ya darasa kutazama kwa mbali kama anavyotazama mtu dukani. Sasa wape kazi yenyewe: mtambo umehama pikseli 2, nanyi hamwezi kuurekebisha leo, badilisheni mchoro ili kasoro isionekane. Watajaribu mengi. Atakayezungushia maua mstari mweusi ataona weupe unapotea. Msukume zaidi: unene kiasi gani? Ukiwa pikseli 4, nusu ndani na nusu nje ya ukingo wa ua, unafunika mchepuko wa 2 kwa kulia na kwa kushoto. Ukiwa 2, unafunika 1 tu. Kuanzia hapo kijana akitazama mstari mweusi kwenye kanga ya bibi yake anaona kazi mojawapo uliyowekewa, na ameifikia mwenyewe.

Jina lina somo lake. Andika majina mawili kama wahusika wawili: WEMA HAUOZI, na MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Yachoreni kwa hali ya vekta, ili yasivunjike mkikuza skrini. Mji una upana uleule kwa yote mawili. La kwanza linakaa kwa herufi kubwa na nafasi inabaki. La pili linamlazimisha mwanafunzi achague: apunguze herufi, akate mistari miwili, au aondoe mapambo ya mji kupisha maneno. Waacheni waburute, wakuze, wapunguze, kisha kila kundi lieleze kilichopotea kwa uamuzi wao. Kila uamuzi unapoteza kitu, na mwanafunzi anayeweza kukitaja ameshaanza kuwa mbunifu. Kwa kitenge, ambacho mchoro wake hujirudia bila kikomo, tumieni amri ya muhuri iliyo kwenye nyongeza ya kalamu; inagonga nakala ya mhusika popote unapotaka, na makosa ya kuunganisha kingo yanajionyesha yenyewe baada ya safu ya pili.

Niseme sasa juu ya kuzitunza kazi hizi, kwa sababu kizazi cha walimu kabla yetu kilipata hasara kubwa. Programu ya Flash ilianza mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash, ikanunuliwa na Macromedia, kisha ikaja mikononi mwa Adobe mwaka 2005. Kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa njia ya kutengeneza vitu vya kusogeza na kubofya. Maelfu ya masomo ya sayansi, hisabati na sanaa yalijengwa kwayo. Mwaka 2017 Adobe ilitangaza kwamba itaizima. Tarehe 31 Desemba 2020 huduma ikakoma, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 Flash Player ikakataa kabisa kufungua maudhui. Wapo walioziokoa kazi nyingi kwa programu iitwayo Ruffle, na wanastahili shukrani zetu, lakini mengi yaliyokaa kwenye kompyuta za shule na flashi za walimu hayajulikani yaliko.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili kila mnapomaliza somo. Hifadhini faili la Scratch lenyewe, lile lenye mwisho wa sb3, sehemu zaidi ya moja. Halafu tumieni programu ya bure iitwayo TurboWarp Packager, inayoligeuza kuwa faili moja la HTML. Hilo linafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, hata kwenye mashine isiyo na Scratch. Na andikeni kwenye karatasi ya kawaida kila kitu kinafanya nini. Mwalimu atakayerithi darasa lako ataweza kulijenga upya kwa programu itakayokuwepo wakati wake.

La mwisho ni kwa wenzangu wa ushonaji na uchapaji, ambao najua wamekaa muda wote huu na swali: rangi ya skrini na rangi ya kitambaa zinakutana wapi? Hazikutani. Skrini inatoa mwanga, kitambaa kinaurudisha, na projekta ya shule iliyochoka hupausha rangi. Maneno ya kusomwa yapeni utofauti mkubwa na mandhari yake. Kiwango cha kimataifa kwa maandishi ya kawaida kwenye skrini ni angalau 4.5 kwa 1, na njano juu ya nyeupe haifiki hata karibu. Ama kuhusu rangi zenyewe, leteni doti moja darasani, itundikeni ukutani kando ya picha ya projekta, na kila mwanafunzi anapochagua rangi jukwaani atamke ni ipi kwenye kitambaa kile anayoikusudia. Skrini wanatumia kujaribu mpangilio, kitambaa wanatumia kuamua rangi.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Wenye vishikwambi njooni viti vya mbele, tuanze na ule mraba wa kijivu.